Masikio Mawili ya Mama Keza

Niliondoka Tanga kwa sababu ya mashine iliyofunikwa shuka. Hospitali ninakofanya kazi ilikuwa imepata mashine ya tiba ya mionzi, ile inayotibu saratani. Mafundi walikwisha kuifunga, wakaijaribu, wakaaga. Kilichobaki ni mtu wa kuhakikisha kila asubuhi kwamba mionzi inayotoka ni kiasi kile kile alichoandika daktari. Hiyo ni kazi ya mwanafizikia, na mwanafizikia wa hospitali yetu ni mimi peke yangu. Ila sikuruhusiwa kuanza mpaka mtu aliyenizidi uzoefu anishuhudie nikipima, kisha atie saini. Aliyekubali kunipokea alikuwa Kigali, anaitwa Mama Keza. Basi mashine ikafunikwa shuka la kijani la chumba cha upasuaji, ikakaa ikinisubiri.

Nawaandikia ninyi wa nyumbani, hasa wasichana wa kidato cha nne ambao huniuliza kila nikija shuleni kwenu: "Dada, fizikia inakupeleka wapi?" Safari hii ilinipeleka mbali kidogo.

Mama Shekue, jirani yangu wa Makorora anayeuza maandazi, alinisindikiza kituoni. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, alikwisha kufanyiwa upasuaji, na daktari alimwambia mionzi isichelewe. Mashine yetu isipoanza, angelazimika kwenda Dar es Salaam kwa wiki nyingi, naye Dar hana ndugu.

"Zaina mwanangu," alisema akinipa maandazi ya njiani, "hiyo shuka ukairudishe kwenye upasuaji, wanaihitaji."

Ndivyo alivyo. Ombi lake zito hulifunga ndani ya mzaha.

Dar es Salaam nililala kwa dada yangu, na alfajiri nikapanda basi la Kigali pale Mbezi. Wengi waliniuliza kwa nini sikupanda ndege. Jibu langu ni kwamba napenda kuona nchi ikinyanyuka. Kutoka pwani mpaka Rwanda mtu anapanda ngazi ndefu sana bila kujua, kwa sababu ngazi yenyewe ni pana.

Chalinze nilinunua pakiti kubwa ya krispi za viazi. Si zawadi ya heshima, lakini niliwaza kwamba wenyeji wangu wangekuwa na chai, na chai haikatai kitu.

Tulipokaribia Singida, abiria wa pembeni yangu aliitazama ile pakiti juu ya mapaja yangu. Alikuwa Mzee Masanja, mfanyabiashara wa mchele wa Kahama, mtu mwenye kofia ya pama na maneno mengi.

"Dada, samahani. Hizo krispi zako zina mimba."

Kweli pakiti ilikuwa imetuna kama ngoma. Nikamweleza, maana kueleza ndio ugonjwa wangu. Hewa ina uzito, nikamwambia. Sisi wa pwani tumebebeshwa hewa yote iliyo juu yetu, kama gunia la chini kabisa kwenye lundo la mchele wako. Tukipanda, magunia ya juu yanapungua. Hewa iliyofungiwa ndani ya pakiti kule chini ilizoea kubanwa. Sasa mbanaji amelegea, nayo inanyoosha miguu.

"Kwa hiyo mimi wa Kahama ni gunia la katikati?"

"La katikati, mzee."

"Na watu wa Kigali?"

"Wako juu zaidi."

"Ndiyo maana wakija kununua mchele wangu wanaringa."

Alishuka Kahama akicheka bado, akaniachia muhogo wa kuchoma.

Rusumo, mpakani, tulifika asubuhi. Mto Kagera unapita hapo chini ya daraja kwa kelele kubwa, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Ukivuka, mambo mawili yanabadilika: gari linahamia upande wa kulia wa barabara, na saa inarudi nyuma kwa saa moja. Baada ya hapo ni vilima na migomba, kilima kikiisha kingine kinaanza, na barabara inazunguka kama uzi kwenye kidole.

Kigali, stendi ya Nyabugogo, nilipokewa na Diane. Alikuwa msichana mwembamba aliyesuka nywele kwa mistari midogo, mwanafizikia mwanafunzi wa Mama Keza, amezaliwa na kukulia hapo hapo mjini.

"Dada Zaina? Pole na njia. Mizigo iko wapi? Hii moja tu? Nilifikiri watu ya Tanga wanakuja na nazi."

"Nazi zimegoma. Nimekuja na krispi."

"Sawa, ntakibazo," alisema, maana yake hakuna tatizo. Neno hilo nililisikia mara nyingi kiasi kwamba nilirudi nalo nyumbani.

Jioni hiyo nilifikia mtaa wa Niboye, nyumbani kwa Mama Keza mwenyewe, kwa sababu kwake mgeni wa kazi halali hotelini. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mnene wa wastani, miwani kifuani, sauti ya chini. Wazazi wake walikuwa wakimbizi Burundi, naye alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuja mbio mbio.

"Kiswahili chako cha Tanga kina marashi," aliniambia tukila isombe, yaani kisamvu, na ndizi. "Changu kina vumbi la sokoni. Lakini vyote vinaomba chumvi, si ndiyo? Nipe chumvi." Kisha, bila kubadili sauti: "Kesho utapima. Ukikosea, utarudia mara moja. Ukikosea tena, utarudi kwenu bila saini yangu, nami nitakulilia, lakini sitasaini."

Ijumaa tuliingia kazini. Niwaelezee kidogo kipimo chenyewe, kwa kuwa mambo yote yaliyofuata yametoka humo. Tunatumia kijichumba kidogo cha hewa, kama punje ya mahindi hivi. Tunakizamisha ndani ya tangi la maji, kwa sababu mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, kisha tunakipiga mionzi. Mionzi ikipita, hewa ya mle ndani inazaa umeme kidogo sana, nasi tunauhesabu. Umeme mwingi, mionzi mingi. Ila kijichumba kina tundu, na hewa yake ni hewa ya chumba mlimo. Hewa ikiwa haba, umeme unakuwa haba hata kama mionzi haikupungua. Kwa hiyo mpimaji husoma joto na mgandamizo wa hewa, kisha anasahihisha hesabu yake.

Nilipima kwa utulivu. Nilipomaliza hesabu nikaona ajabu: mashine yao ilikuwa inatoa pungufu, tena kwa kiasi kikubwa, karibu sehemu moja katika sita. Nikarudia hesabu, jibu likawa lile lile. Moyo ulinidunda, na nakiri ulidunda kwa furaha. Mgeni wa siku moja, nimegundua kasoro ya mashine ya wenyeji.

Nikafungua mdomo. Mama Keza akanyanyua kiganja.

"Usiseme. Njoo uninong'oneze. Sikio la kushoto."

Niliinama nikamtajia namba. Kisha akamwambia Diane aingie apime upya tangu mwanzo, vifaa vikiwa vimeondolewa na kupangwa tena, bila kujua jibu langu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisikia joto la masikio. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka saba kabla ya kuajiriwa Tanga, naye Diane bado mwanafunzi. Kwa nini nirudiwe kama mtoto aliyetumwa dukani na kuonekana amedanganya chenji?

Diane alitoka, akanong'ona sikio la kulia. Mama Keza akafumba macho, akavua miwani.

"Masikio yangu yanagombana," alisema.

"Nani amekosea?" niliuliza.

"Masikio hayana majina. Mtarudia Jumatatu, nyote wawili."

Sikulala vizuri. Sitawaeleza usiku huo, mnaujua wenyewe, ule wa kabla ya mtihani.

Jumamosi ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Mtaa mzima ulitoka na majembe na mafyekeo. Nami nilipewa fyekeo, nikafyeka majani kando ya mtaro pamoja na majirani, na mzee mmoja akaniambia kwa Kiswahili cha kukwaruza, "Wewe mugeni unafyeka muzuri, baki." Kazi ile ilinisaidia. Mtu aliyeinama juu ya majani hana nafasi ya kujionea huruma.

Mchana wakaanza kuingia wanawake nyumbani kwa Mama Keza, sita kwa jumla, Diane akiwemo, wengine kwa pikipiki za abiria, kofia ngumu zimewaharibia misuko. Mmoja alikuwa wa idara ya hali ya hewa, mwingine anafundisha sekondari kule Busanza, mmoja Mkenya wa mambo ya umeme wa jua ambaye ofisi yake iko Kimihurura, na wengine wa masomo ya juu. Wote ni wanafizikia. Pamoja na Mama Keza walikuwa saba, nami nilikuwa sijawahi kukaa chumba kimoja na wanawake saba wa fizikia. Chuoni tulikuwa wawili darasani, na mwenzangu aliolewa mwaka wa pili akahama mji.

Diane alinieleza utaratibu wao huku akimwaga chai. Rwanda kuna ikimina, kama upatu wetu, watu wanachanga kwa zamu. Hawa wamefanya ikimina ya saa. Kila mmoja anatoa mchana wake wa Jumamosi, na mchana wote wa watu wote unakuwa wa mtu mmoja. Zamu ikiwa yako, huyu anakubebea mtoto, yule anakagua hesabu, mwingine anajifanya bosi mkali ili ujizoeze usaili. Wawili kati yao walipata nafasi za udaktari wa falsafa kwa njia hiyo. Mmoja alirudi kazini baada ya kujifungua pacha, na anasema bila ikimina angekuwa anauza vocha.

"Leo iko zamu yangu," Diane alisema. "Lakini nimekupa wewe."

"Kwa nini? Nawe una Jumatatu yako."

"Mimi iko hapa kila wiki, dada. Wewe basi yako iko Jumanne."

Nikawekwa kichwani mwa meza. Sheria ni moja: mwenye zamu anaeleza kazi yake hatua kwa hatua, na hakuna anayeruhusiwa kumwambia kosa. Wanaweza kuuliza tu. Mama Keza alikaa jikoni, mgongo kwetu, akimenya viazi, maana yeye ni mtia saini.

Nilianza. Tangi, sawa. Kina cha maji, sawa. Joto la chumba nimesoma kwenye kipimajoto cha ukutani, sawa.

"Na mgandamizo wa hewa?" aliuliza yule wa hali ya hewa, akiendelea kuchambua maharage.

"Nimesoma kwenye simu. Elfu moja na kumi na saba."

Nilisoma kwenye simu kwa sababu ndivyo tulivyofanya nilikojifunza kazi, pale pwani, tangu barometa yetu ya kupimia mgandamizo ilipoharibika. Hakuna aliyewahi kupata tofauti.

Maharage yakanyamaza. Kule jikoni hata kisu kikanyamaza. Wanawake wakatazamana, kisha wote wakawa na shughuli ghafla. Mmoja akakoroga chai isiyo na sukari.

Diane akaisukuma polepole ile pakiti yangu ya krispi, ambayo ilikuwa mezani tangu juzi ikisubiri wageni, mpaka ikanigusa vidole.

"Dada," alisema kwa upole mkubwa, "kula krispi."

Nilinyoosha mkono nifungue. Pakiti ilikuwa imekaza kama ngoma. Vidole vyangu vikabaki juu yake. Nikamwona Mzee Masanja na kofia yake ya pama. Nikamsikia mwanamke fulani mjuaji ndani ya basi akimweleza habari za magunia ya mchele.

"Mimi," nilisema, "nimekaa juu ya lundo nikahesabu kama gunia la chini."

Hawakuelewa magunia, ikabidi nieleze. Walicheka mpaka yule Mkenya akatoka nje. "Umeibeba barometa kutoka Chalinze," alisema aliporudi, akipangusa macho, "ukakuja ukauliza simu."

Yule wa hali ya hewa, sasa akiwa huru kusema, alinielewesha kwamba simu haikudanganya. Watu wa hali ya hewa hutoa namba ya mgandamizo kana kwamba kila mji umeshushwa usawa wa bahari, ili waweze kulinganisha mji na mji. Tanga tayari iko baharini, kwa hiyo namba hiyo na ya hewa halisi hukaribiana kama mapacha. Kigali iko juu sana, na hewa yake halisi ni haba zaidi. Mashine ya wenyeji haikuwa na kasoro. Kama ningeachwa niirekebishe kwa hesabu yangu, mgonjwa angepigwa karibu moja ya tano zaidi ya alichoandikiwa, maana kuzifanya tano ziwe sita ni kuongeza moja ya tano. Nilimfikiria Mama Shekue amelala chini ya mashine, ananiamini.

Jumapili Mama Keza alirudi kutoka misani, akanikuta barazani. Alivua viatu, akakaa.

"Ijumaa ulinuna," alisema.

"Nilidhani mnanitilia shaka."

"Nakutilia. Najitilia na mimi." Akanisimulia kwamba alisomea Ulaya, na katika idara nzima alikuwa mwanamke mweusi pekee. Baada ya miezi akagundua kwamba wenzake walikuwa wanarudia vipimo vyake kisirisiri, akishaondoka. Vyake tu. Vya wengine havikurudiwa.

"Niliumia hata nikafunga sanduku. Halafu siku moja, katika kurudia huko, wakakuta kosa langu. Kosa la kweli, Zaina. Mgonjwa aliepuka madhara kwa sababu ya dharau yao. Sasa mimi nimshukuru nani, nimchukie nani?"

Mama Keza akakung'uta vumbi la viatu vyake.

"Nikakaa na jambo hilo miaka. Mwisho nikaona kurudia si kubaya. Ubaya ni kufanya kwa siri, na kwa mtu mmoja. Nilivyopewa idara hapa nikasema, tutarudia vya wote, wazi, na tutaanza na vyangu. Hata mimi nanong'ona, Diane ananishikia masikio. Mwezi jana alinikamata."

"Ulikosea nini?"

"Hilo mwulize Diane, anapenda sana kulisimulia."

Jumatatu niliingia tena. Nyuma ya mlango wa chumba cha mashine, mahali ambapo Ijumaa hata sikutupa jicho, ilining'inia barometa ya kawaida kabisa. Nikaisoma: mia nane arobaini na nane. Nikapima, nikasahihisha, nikanong'ona kushoto. Diane akapanga upya, akapima, akanong'ona kulia. Mama Keza alifumba macho kwa muda ulionitosha kusoma kila dua niijuayo.

"Masikio yangu yamelala," alisema, akatafuta kalamu.

Jumanne asubuhi Diane alinirudisha Nyabugogo. Nilikunywa maji ya chupa, nikaifunga sana ikiwa tupu, nikaitia mkobani. Kama mlivyokwisha kukisia, tuliposhuka Morogoro ilikuwa imeanza kubonyea, na Tanga ilifika imejikunja kama mtu aliyekumbatiwa na shangazi. Nimeiweka kwenye rafu ya ofisi yangu, kando ya barometa mpya niliyoikazania mpaka ikanunuliwa. Wageni huiona takataka.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, shuka lilirudi chumba cha upasuaji. Nilipima. Simu yangu na barometa zilikubaliana kabisa, kwa hiyo mvivu angesema safari ilikuwa bure. Lakini sikuwa na mtu wa kurudia kipimo changu, maana niko peke yangu. Basi nilipiga simu Kigali. Nilimsomea Diane kila kitu nilichokiona, umeme, joto, mgandamizo, kina cha maji, ila jibu langu nililificha. Naye akahesabu kwake.

"Haya, nipe sikio la kushoto," ilisema sauti ya Mama Keza. Nikanong'ona, ingawa nilikuwa peke yangu chumbani. Kwa mbali nikasikia Diane akinong'ona kulia.

Feni ya Tanga ikazunguka.

"Yamelala. Ingiza mgonjwa wako. Na kesho ni sisi tutapima, utahesabu wewe, usichelewe. Kwenu saa iko mbele."

Mama Shekue aliingia amevaa khanga mpya. Nilimlaza, nikamweka sawasawa, nikamwambia asitikisike.

"Nimekaa hapo nje nakusikia unanong'ona," alisema akitazama dari. "Ulikuwa na nani humu?"

"Na wenzangu wa kazi."

Akageuza macho, akakagua chumba chote, kona hadi kona.

"Wengi?"

"Saba," nilisema. "Tulia sasa, mama, tunaanza."